Mwezi wa Kumi na Tatu

Kando ya barabara ya zamani ya Naivasha, mtaani Uthiru, kuna lango la Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ambayo wengi huiita ILRI. Ndani ya lango hilo kuna vyumba vilivyozibwa ambamo ng'ombe huingizwa ili hewa anayoitoa ikusanywe na kupimwa. Watafiti wa hapo wamewahi kuwalisha maksai wa Boran chini ya mahitaji ya mwili, kwa makusudi, ili kuiga njaa ya kiangazi na kuona mwili wa mnyama unaipokeaje. Nje ya ukuta, watu wa Uthiru hufanya jaribio kama hilo kila mwaka bila mtafiti wala daftari. Januari mtu anajinyima, Pasaka nguo zinampwaya, na ikifika Desemba, baada ya sherehe mbili za mahari, yaani ruracio, na safari ya gichagi, kijijini kwao, amerudi alikoanzia na riba ya kilo mbili juu yake.

Wafugaji hawashangazwi na jambo hili. Ng'ombe aliyekonda kwa ukame, mvua ikinyesha na nyasi zikiota, hunenepa kwa kasi kumpita mwenzake ambaye hakuwahi kukosa malisho. Sayansi ya mifugo imelieleza: wakati wa njaa viungo vinavyokula nishati nyingi, kama ini na utumbo, husinyaa na mwili hubana matumizi. Chakula kinaporudi, kinachobaki baada ya matumizi hayo madogo ni kingi, na chote huenda kwenye kujenga. Wapo wanaofanyia kanuni hiyo biashara, wakinunua ng'ombe waliokonda na kuwauza wamejaa. Hakuna anayemshutumu ng'ombe kwamba hana msimamo. Shutuma hiyo tumemwekea jirani.

Hoja ya makala hii ni kwamba kupunguza uzito na kuudumisha ni kazi mbili tofauti, na kwamba tunaijua ile ya kwanza tu kwa sababu ndiyo inayouzika. Ya kwanza ina mwanzo na mwisho: siku thelathini, wiki nane, picha ya kabla na picha ya baada. Ya pili ni kama kodi ya nyumba. Hulipwa mwezi wa kwanza, wa pili na wa kumi na tatu, na hakuna mwenye nyumba anayekupigia makofi kwa kuilipa. Walimu wa mazoezi, wauza chai za kuyeyusha tumbo na washauri wa mitandaoni hukusindikiza hadi mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi na tatu hukukuta peke yako.

Huku kwetu wasiwasi wa kuzidi uzito ni mgeni. Katika miaka ya 1920, John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya koloni la Kenya, walisimamia upimaji wa Wagikuyu na Wamaasai. Ripoti yao ya mwaka 1931 ilisema mwanamume Mmaasai, mla nyama, maziwa na damu, alimzidi mwenzake Mgikuyu, mla nafaka, viazi na mboga, kwa takriban sentimita 13 za urefu na kilo 10 za uzito. Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa hiyo, chini ya miaka mia moja iliyopita, kasoro iliyoandikwa kuhusu miili ya babu na nyanya za watu wa sehemu hizi ilikuwa wembamba. Kilo hizo kumi zilipatikana hatimaye. Hakuna aliyeandika ripoti nyingine ya kusema sasa zinatosha.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya Wakenya wazima wana uzito uliozidi au unene uliopindukia: wanawake asilimia 38.5, wanaume 17.5. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wako katika kundi hilo. Sababu hazihitaji darubini. Anayeishi Uthiru na kufanya kazi mjini huketi kwenye matatu asubuhi, huketi ofisini mchana, na huketi tena jioni kwenye msongamano wa Waiyaki Way. Kisha hushuka stejini akiwa na njaa, mahali ambapo smokie, chipsi, mutura na chapati vimetangulia kufika. Anayetafuta mboga atazipata pia, lakini lazima azichambue na kuzipika. Mutura hauulizi maswali.

Juu ya hayo kuna kumbukumbu ambayo wataalamu wa lishe waliosomea ughaibuni huisahau. Kusini mwa Uganda, katika miaka ya 1980, watu waliupa ukimwi jina la Slim, kwa sababu ya jinsi ulivyommaliza mtu. Kenya nayo iliutangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, chini ya Rais Daniel arap Moi. Mtu mwenye miaka hamsini leo amezika wenzake ambao kwanza walikonda. Ndiyo maana akimwona jirani aliyepunguza kilo kumi kwa jasho lake, neno la kwanza si hongera. Ni swali la sauti ya chini: "Umekonda hivi, kwani uko sawa?" Jirani huyo akirudisha kilo sita, anaambiwa, "Sasa unakaa vizuri." Akienda kumsalimia cucu, yaani nyanya yake, na kuacha nusu ya mukimo kwenye sahani, atalazimika kueleza amekosewa na nani. Jamii humpa pole kwa kufaulu na hongera kwa kushindwa, kisha hushangaa kwa nini kazi haikudumu.

Hata hivyo jamii si mshtakiwa mkuu. Mshtakiwa mkuu ni mwili wenyewe, na ushahidi dhidi yake ni wa muda mrefu. Mapema mwaka 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, hadi takriban kalori 1,570 kwa siku, kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mioyo yao ilipiga polepole, walihisi baridi hata wakati wa joto, na mazungumzo yao yote yaligeuka kuwa ya chakula. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wengi walikula kupita walivyokula kabla ya jaribio na bado wakasema hawajashiba, na mafuta ya mwili yalirudi kwa kasi kuliko misuli. Hawa walikuwa vijana wenye afya, waliochaguliwa kwa uimara wao. Kalori walizopewa zinazidi zile ambazo mipango mingi ya kupunguza uzito humpa mtu mzima leo na kuiita nidhamu.

Jaribio la pili lilifanywa mbele ya kamera. Kevin Hall na wenzake wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni liitwalo The Biggest Loser. Katika wiki 30 za shindano walipoteza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2016, wastani wa kilo 41 ulikuwa umerudi. La kushangaza zaidi ni kwamba miili yao, hata ikipumzika, ilikuwa ikitumia karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya mtu mwingine wa ukubwa na umri wao. Mwili ulikuwa umebana matumizi wakati wa dhiki, na miaka sita baada ya dhiki kwisha haukuwa umeamini kwamba imekwisha. Ng'ombe angewaelewa.

Halafu kuna hamu ya kula, ambayo ndiyo mzigo mkubwa kuliko wote. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne waliripoti kwamba homoni zinazosimamia njaa na shibe kwa watu waliopunguza uzito zilikuwa bado hazijarudi mahali pake mwaka mzima baadaye. Ile inayouambia ubongo kwamba akiba ipo ilikuwa chini, na ile inayoita chakula ilikuwa juu. Hall na wenzake nao walikadiria kwamba kwa kila kilo moja inayopotea, mwili hupunguza matumizi kwa kalori 20 hadi 30 hivi kwa siku, lakini hamu ya kula huongezeka kwa takriban kalori 100. Anayepunguza kilo tano, basi, anasukumwa kila siku kuelekea chakula cha kalori 500 zaidi, yaani kitu cha karibu na chapati mbili. Chapati hizo hazimjii kama jaribu kubwa la mara moja ambalo angejisifu kulishinda. Humjia kama kijiko cha pili cha sukari kwenye chai, kipande cha mandazi cha mwenzake ofisini, ugali wa mtoto uliobaki kwenye sufuria. Utashi unaweza kushinda mambo hayo Jumatatu. Swali ni Jumatatu ya mwaka wa tatu.

Jibu ambalo wengi hulitoa ni mazoezi, na hapa Afrika Mashariki imechangia ushahidi unaokera wenye vyumba vya mazoezi. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, bado huwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza 30: wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Hata hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Mwili wenye shughuli nyingi hupunguza matumizi kwingine ili hesabu ilingane. Kwa hiyo anayekimbia katika msitu wa Karura Jumamosi asubuhi ili alipie nyama choma ya Jumamosi jioni anafanya hesabu ambayo mwili wake haukutia sahihi.

Lakini hitimisho si kwamba mtu akae. Mazoezi ni dhaifu katika kuondoa kilo, ila yamo karibu kila mahali ambapo kilo zimezuiwa kurudi. Hata miongoni mwa wale 14 wa televisheni, walioongeza mwendo zaidi katika maisha yao ya kawaida ndio waliorudisha kidogo. Tangu mwaka 1994 Marekani ina rejista ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Iliyoanzishwa na Rena Wing na James Hill, imeandikisha zaidi ya watu 10,000. Njia zao za kupunguza zilikuwa nyingi na zilipingana. Njia zao za kudumisha zilifanana hadi kuchosha: asilimia 90 hufanya mazoezi ya wastani wa saa moja kwa siku, ambayo kwa wengi ni kutembea tu, asilimia 78 hula kiamsha kinywa kila siku, na asilimia 75 hujipima angalau mara moja kwa wiki. Hao walijiandikisha wenyewe, hivyo hawawakilishi kila mtu, lakini ni vigumu kupuuza mwafaka wa namna hiyo.

Kwa mkazi wa Uthiru, saa moja ya kutembea haihitaji uanachama wa chumba cha mazoezi. Kushuka Kangemi na kumalizia njia kwa miguu ni mwanzo mzuri, mradi mtu awe tayari kuitwa na kila bodaboda hadi aonekane ama bahili au mgonjwa. Kujipima nako ni rahisi kuliko tunavyodhani. Nairobi imejaa watu walioketi kando ya njia na mizani sakafuni, wakimpima mpita njia kwa shilingi chache. Mizani hizo hazikubaliani, na mwenye mizani hukutangazia kilo zako kwa sauti ambayo hukuilipia. Lakini mtu akienda kwa mizani ileile, siku ileile ya wiki, na viatu vilevile mkononi, kosa la mizani hubaki palepale na badiliko huonekana.

Badiliko ndilo la kutazamwa, na mapema. Mwaka 2006 Wing na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu 314 ambao tayari walikuwa wamepunguza uzito. Hawakufundishwa kupunguza tena. Baadhi yao walifundishwa kujipima kila siku na kugawa matokeo kwa rangi: kijani kwa anayebaki karibu na uzito wake mpya, manjano kwa aliyeanza kupanda, na nyekundu kwa aliyepanda kilo 2.3, ambaye alitakiwa achukue hatua wakati huohuo, kilo zikiwa bado mbili. Baada ya miezi 18, asilimia 72 ya waliopewa barua za maelezo tu walikuwa wamerudisha kilo hizo 2.3 au zaidi. Kati ya waliokutana ana kwa ana katika vikundi, walikuwa asilimia 46. Huo si ushindi wa kupigiwa ngoma, kwa kuwa karibu nusu waliteleza hata wakishikwa mkono. Lakini tofauti iliyopatikana haikuletwa na dawa wala mashine. Ililetwa na kukutana, kuhesabu na kuwajibika.

Uthiru haihitaji kufundishwa mambo hayo matatu. Kila plot ina mtu aliye katika chama, na chama kina daftari, mweka hazina, na faini ya anayechelewa ambayo hukusanywa bila huruma. Chombo kipo, kilichokosekana ni kukitumia kwa kazi hii, na kubadilisha kidogo kile kinachoandaliwa mezani wakati wa mikutano. Kikundi cha watu wanane wanaopimana kila mwezi kwa miaka mitano kingefanya kazi kubwa kuliko mkufunzi wa wiki nane, ingawa kisingekuwa na picha ya kuweka kwenye simu.

Serikali nayo ina uzoefu ambao haiutumii. Uthiru imegawanyika kati ya Kaunti ya Nairobi, penye wadi ya Uthiru/Ruthimitu, na Kaunti ya Kiambu, penye wadi ya Uthiru katika eneo bunge la Kabete. Kwa kuwa huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya kaunti tangu mwaka 2013, mtu anaweza kuvuka barabara na kubadilisha serikali inayohusika na kiuno chake. Pande zote mbili zina kliniki ambako mama hupeleka mtoto kila mwezi, mtoto huning'inizwa kwenye mizani, na nukta huchorwa kwenye chati ya kijitabu cha mama na mtoto. Muuguzi haangalii nukta moja. Anaangalia mstari unaelekea wapi. Utaratibu huo ndio hasa anaouhitaji mtu mzima aliyepunguza uzito. Bahati mbaya chati huisha mtoto akitimiza miaka mitano, na baada ya hapo hakuna ofisi inayotaka kujua mstari wako unaelekea wapi, mpaka sukari ipande.

Mtu mmoja tu mtaani amejipanga kwa muda mrefu, naye ni fundi wa nguo. Ukimpelekea suruali iliyokuwa ikikutosha kabla ya kukonda, akuingizie kiunoni, hakati kitambaa kinachozidi. Hukikunja ndani na kukishona kwa mshono mwepesi wa kufumuka. Hajasoma jarida lolote la tiba, ila amewaona wateja wakirudi.

Dawa mpya zinasemwa zimemaliza mjadala huu. Hazijaumaliza, zimeuthibitisha. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliodungwa semaglutidi, dawa iliyo ndani ya Ozempic na Wegovy, walipoteza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Hayo ni matokeo ambayo lishe na mazoezi ni nadra kuyafikia. Sehemu ya washiriki ilipofuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, theluthi mbili ya uzito uliopotea ilikuwa imerudi. Dawa ile hunyamazisha njaa, na njaa haikufa. Ilikuwa ikisubiri nje ya mlango. Kwa hiyo anayeianza anapaswa kujiuliza kama mfuko wake utaihimili kwa miaka, na si kwa miezi mitatu kabla ya harusi.

Baada ya ushahidi wote huo, mtu anaweza kuuliza kama juhudi hizi zina maana. Zinayo, ila tumekuwa tukipima kitu kisicho sahihi. Jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililotoa matokeo mwaka 2002, lilihusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki. Katika muda wa miaka mitatu hivi, uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Miaka ilipopita, kama ilivyo desturi, sehemu kubwa ya uzito ilirudi. Lakini miaka 15 baadaye kundi hilo lilikuwa bado na kisukari kidogo zaidi, kwa asilimia 27. Uzito uliorudi haukufuta faida yote.

Mchukue basi mtu aliyekuwa na kilo 90, akashuka hadi 78, na miaka mitano baadaye akatulia kwenye 84. Stejini watasema alijaribu akashindwa, kwa kuwa wanamlinganisha na picha ya 78. Kwa mujibu wa uchambuzi wa tafiti 29 za Marekani uliochapishwa mwaka 2001, wastani baada ya miaka mitano ulikuwa kilo tatu hivi chini ya mwanzo; mtu wetu amefanya maradufu ya hapo, huku mwili wake ukimpinga kila siku na majirani wakimwuliza kama anaumwa. Akiweka lengo la asilimia 7 na kulishika, anafanya jambo zito kuliko jirani yake anayepoteza kilo ishirini kila Januari.

Kwa hiyo, anayeuziwa mpango wowote, uwe wa chai, wa sindano, wa kufunga au wa kuruka kamba, asiulize nitapunguza kilo ngapi. Jibu la swali hilo liko tayari, na lina picha. Aulize mwezi wa kumi na tatu nitakula nini, nitapimwa na nani, na nitalipa kiasi gani. Muuzaji akikosa jibu, bei aliyoitaja ni ya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.